Yasinywewe si Mtu

Jumatatu, 9 Februari 2026

Shajara, niwie radhi. Sijakuandika tangu kabla ya Krismasi. Sababu ninayo: hapakutokea katika mtaa huu jambo linalostahili Kiswahili sanifu. Leo limetokea, nalo ni baya.

Mjukuu wangu Kui, aliye Gredi ya Kumi, ana mradi wa shule. Siku hizi mwanafunzi hakai darasani tu. Hutoka nje akaifae jamii, na alama hupewa kwa hilo. Sina neno. Yeye na wenzake, wakiongozwa na Madam Lynn anayewafundisha Kemia, wamepima maji ya kisima chetu hapa Section 58 wakakuta floraidi nyingi. Ndiyo inayowapa watoto wetu meno ya kahawia. Kuchemsha hakuiondoi. Basi wakaomba mifupa ya ng'ombe kwenye mabucha, wakaichoma ikawa mkaa, wakaujaza mkaa huo ndani ya pipa. Maji yakipita humo hutoka yakiwa yamepunguzwa madini hayo. Pipa limewekwa kwenye kioski cha Eucabeth, anayetuuzia maji. Sasa kioski kina mifereji miwili. Mmoja ni wa maji ya kisima, ya kufulia na kupigia deki. Wa pili ni wa maji ya pipa, ya kunywa.

Kamati ya wakazi imeliruhusu pipa likae hadi mkutano wa Jumamosi ya wiki ijayo. Watu wakilizoea, litabaki. Wasipolizoea, litaondolewa, kwa sababu Eucabeth anaitaka nafasi hiyo kwa mitungi yake.

Yote mazuri. Ubaya unaanzia hapa. Mradi unahitaji mlezi, yaani mzee wa mtaa wa kuwasemea vijana mbele ya wakazi. Atachaguliwa siku hiyohiyo ya mkutano. Mimi nilifundisha Kiswahili hadi nikastaafu. Mlezi wa muda ni nani? Ogola! Ogola aliyekuwa gadi wa treni. Ogola asiyejua ngeli hata moja! Na juu ya mfereji wa kisima ametundika bango, kwa mkono wake, linalosema: HII MAJI SI YA KUKUNYWA.

Hii maji. Kukunywa.

Nimerudi nyumbani nikalala chali.

Jumatano, 11 Februari

Nimekwenda shuleni. Koti la kijivu, tai, kalamu nyekundu mfukoni. Nimemweleza Madam Lynn kwamba mradi wa shule hauwezi kutangazwa kwa lugha iliyovunjika mguu. Akajibu kwa adabu kwamba watu wanaelewa. Nikamwambia hata ng'ombe huelewa akipigiwa mluzi. Hatumwandikii mluzi ubaoni. Kisha akasema nikitaka kuandika mabango upya, niandike, ila wanafunzi watasimama pale kioskini na kuwauliza wapitanjia wameelewa nini. Ndiyo kanuni ya mradi: kitu hujaribiwa na watakaokitumia.

Nikakubali. Sasa mimi ni Mshauri wa Lugha. Cheo hicho nimejipa mwenyewe nikiwa njiani kurudi, lakini hakuna aliyekipinga.

Nimekutana na Ogola langoni. Nimemwarifu kwamba bango lake linashuka. Hakukasirika. Huyu mtu huwa hakasiriki, na hilo hunikera.

"Mwalimu," alisema, "bango ni kama filimbi ya treni. Hakuna mtu huuliza filimbi iko ngeli gani. Yeye hutoka tu kwa reli."

Nimemwambia nimekaa Nakuru miaka yangu yote na sijakanyagwa na treni wala na sarufi. Akacheka hadi akashika lango.

Jioni nimemweleza Kui mpango. Bango zuri litawafanya wakazi waulize ni nani aliyeliandika. Watajibiwa ni Mwalimu Hiram Mbugua. Jumamosi ya mkutano watanyoosha mikono. Kui, ambaye huniita Guka, yaani babu, akasema, "Sawa, Guka, bora tu watoto wasikunywe ile ingine." Nimemsahihisha. Akacheka, akafunika mdomo kwa kiganja kama afanyavyo siku zote. Sijawahi kuona meno ya mtoto huyu yote kwa pamoja tangu aingie utineja.

Ijumaa, 13 Februari

Siku ya kazi. Nimefikiri tangu chai ya asubuhi. Bango lataka amri, lakini amri isiyo na ukali. Nikapata: kitenzi *kunywa*, kauli ya kutendwa, hali tegemezi. Kwa mfereji wa pipa: MAJI HAYA YANYWEWE. Kwa mfereji wa kisima: MAJI HAYA YASINYWEWE. Tazama ulinganifu huo! Silabi moja tu, *si*, ndiyo mpaka kati ya afya na ugonjwa. Nimelisoma kwa sauti mara kadhaa. Mama Mwaura, mke wangu, aliuliza kutoka jikoni kama nilikuwa nikiumwa.

Mbao zilikuwa shida. Ya kwanza ni plaiwudi safi. Ya pili ni mlango wa kabati kuukuu, na kishikio chake kilichoko katikati kimegoma kung'oka. Nimelazimika kukiruka. Mstari wa pili unasomeka hivi: YASIN, halafu kishikio, halafu YWEWE. Si kosa. Herufi zote zipo na kwa mpangilio wake. Msomaji makini ataziunganisha.

Tumetundika saa kumi. Eucabeth ameyatazama mabango muda mrefu, mikono kiunoni. Ameuliza kama amebadilishiwa mwajiri. Sikuelewa swali. Nimemwambia ni Kiswahili.

Jumatatu, 16 Februari

Nimefika kioskini mapema nione matunda ya kazi yangu. Foleni mbili! Ya mfereji wa kisima ilikuwa ndefu, imepinda hadi kwa fundi viatu. Ya pipa ilikuwa na mama mmoja na mbuzi.

Nimedhani wote wanafua. Lakini mtu mmoja alikuwa akinywa palepale, kwa kikombe.

Jioni Kui na mwenzake Adongo wameleta majibu ya wapitanjia. Walikaa sebuleni wameinamisha vichwa. Nimewaambia wasome bila woga. Swali lilikuwa: bango hili linasema nini? Karibu kila mtu amejibu kwamba mfereji ule ni wa mfanyabiashara aitwaye Yasin Ywewe.

Nimeomba warudie.

Yasin Ywewe. Maji ya Yasin yanatoka kwa nguvu, kwa hiyo Yasin ni mkarimu. Mfereji ule mwingine ni wa mtu aitwaye Yanywewe, labda ndugu yake, ambaye maji yake yanatiririka polepole kwa sababu ni mchoyo. (Yanatiririka polepole kwa sababu yanapita katika mkaa wa mifupa!) Bibi mmoja alisema anamjua Yasin tangu alipokuwa na duka Njoro. Kijana wa bodaboda alisema amewahi kumbeba. Mtu mpole, hapendi kuongea.

Adongo alikuwa akijiuma midomo. Nimemuuliza anacheka nini. Amesema hacheki, anasikitika.

Kui hakucheka. Amesema kwa upole tulirudishe lile bango la Babu Ogola. Haiwezekani. Tatizo si kitenzi. Tatizo ni kishikio, na uvivu wa wasomaji. Ugonjwa ukijulikana dawa haiko mbali.

Jumanne, 17 Februari

Dawa ya kwanza: somo. Nimesimama kioskini nikiwa na ubao mdogo na chaki, nikawaeleza wanafoleni kauli ya kutendwa. Wamenisikiliza vizuri. Mwanamume mmoja ameuliza kama Yasin ndiye aliyenituma. Mwingine ameniomba nimwambie Yasin afungue mapema siku za soko.

Ogola alikuwa ameketi kwenye benchi la fundi viatu, akitafuna muwa. Amenishauri, bila kuulizwa, nichore jino. Nimemwambia picha ni lugha ya watoto. Amesema ndiyo, na meno pia ni ya watoto.

Dawa ya pili, yangu mwenyewe, ni bora zaidi. Watu wamelichukua neno kuwa ni mtu. Basi waambiwe si mtu. Wamekosa kujua ni nini. Basi waambiwe ni nini. Nimeandika bango la tatu, herufi nyekundu, bila kishikio popote, nikalitundika chini ya lile la pili:

YASINYWEWE SI MTU, NI KITENZI.

Fupi. Wazi. Sahihi kwa kila nukta. Leo nitalala usingizi mtamu.

Alhamisi, 19 Februari

Mtaa umechafuka.

Nimeamka nikasikia watoto barabarani wakitupiana maneno. Mmoja amemwambia mwenzake, "Wewe kitenzi!" Mwenzake akalia akaenda kumwita mamake. Nimetoka nje nikawa mdogo kama pilipili kichaa.

Nimeulizia. Wakazi wamesoma bango jekundu wakaghadhibika. Yasin si mtu! Yaani hana utu! Bwana mpole asiyemkosea yeyote, anayewapa maji kwa nguvu asubuhi na jioni, anaitwa si mtu hadharani! Na juu ya hayo anaitwa *kitenzi*. Hilo hasa ndilo limewauma. Hakuna aliyekuwa na hakika maana yake, lakini kila mmoja amesikia lilivyoanza na *ki*, akajua si la heshima. Wanafunzi waliokuwa wakijua maana walikuwa shuleni.

Na aliyeandika ni nani? Hapo nilijiandaa kujitokeza. Lakini wakazi wamekwisha kumpata mhalifu: Yanywewe. Wivu wa biashara. Maji yake hayanunuliwi, kwa hiyo anamchafulia ndugu yake jina. Kwa hasira wameususia kabisa mfereji wa pipa. Hata yule mama mwenye mbuzi amehamia kwa Yasin, pamoja na mbuzi. Eucabeth ameanza kupanga mitungi yake mbele ya pipa. Anasema hawezi kuweka kitu kinacholeta vita.

Nimeona ni busara kutojitokeza leo.

Saa ya kutoka shule nimempeleka Waithaka, mdogo wake Kui, akanunuliwe maandazi. Mtoto wa darasa la kwanza, meno mawili ya mbele ndiyo yanachomoza. Nilipogeuka kulipa, aliinama kwenye mfereji wa kisima akakinga mikono akanywa. Alisema maji ya Yasin ni matamu. Kui alikuwa akishuka barabara na begi lake. Ameona. Hakupiga kelele. Amemshika ndugu yake mkono, akamfuta kidevu kwa sweta, wakaenda.

Hajanisemesha tangu wakati huo. Ameniwekea chai mezani, kwa adabu, akaondoka.

Mama Mwaura ameniambia niende niking'oe kile kibao. Nimemjibu bango halina kosa hata moja, na akitaka alipeleke chuo kikuu kule Njoro likapimwe. Amesema, "Haya, Baba Kitenzi." Hata nyumbani kwangu!

Jumamosi, 21 Februari

Mkutano, uwanja wa kanisa, saa nne. Watu wengi kuliko nilivyotarajia. Mwenyekiti Sitati alikuwa na ajenda ya pipa, lakini watu walidai kwanza jambo la Yasin. Mama mmoja alitaka ajulikane aliyemtukana, aombe radhi.

Nimesimama. Nimewaeleza kwamba Yasinywewe ni kitenzi cha kauli ya kutendwa, hali tegemezi, kikanushi. Nimefika *kikanushi* sauti ikanyanyuka nyuma: "Bado anamtukana! Hata hapa kwa kanisa!" Wamenizomea. Nimeketi. Ogola alitaka kunisaidia akisema hakuna mtu kama huyo. Naye amezomewa, ikawa mara yetu ya kwanza kuwa upande mmoja.

Sitati amegonga meza na kusema kwa kuwa pipa ndilo linaloleta ugomvi, na halina wateja, wenye kutaka liondolewe wanyooshe mikono. Mikono ilianza kupanda. Madam Lynn aliinuka na karatasi za vipimo. Hakusikika.

Kui akapita mbele. Hakuwa na karatasi. Alisimama pale mpaka watu wakanyamaza wenyewe, kwa kushangaa anangoja nini. Halafu akafungua mdomo na kuvuta midomo kwa vidole, juu na chini, akageuka taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine ili kila mtu aone. Madoa ya kahawia, na mashimo madogo kama ya mvua kwenye vumbi.

"Mniangalie vizuri," alisema. "Mimi nilikunywa ya nguo."

*Ya nguo*, nomino hakuitaja. Sikumsahihisha.

Kisha akasema Yasin akiwa mtu ama asipokuwa mtu, maji yake ni ya kufua, na ile ya polepole ndiyo ya mtoto, na kwamba ndugu yake alikunywa Alhamisi ile mbaya na hakumpiga kwa sababu mtoto hajui kusoma. Akarudi kuketi karibu nami. Sijui kwa nini karibu nami. Viti vilikuwa vingi.

Mikono ilishuka mmoja mmoja. Yule mama mwenye mbuzi akasema pipa libaki. Eucabeth akasema yeye pia ana mjukuu, mitungi ataipanga nyuma. Limebaki. Wanafunzi wakaleta mabango mapya ambayo kumbe walikuwa wameyaandaa tangu Jumatano bila kunishauri. Moja lina picha ya beseni na povu: HII YA NGUO. Lingine lina jino jeupe linalocheka: HII YA MTOTO. Wametundika mara tu baada ya mkutano, na kabla ya chakula cha mchana mama wote walikuwa wakikinga kwenye mfereji wa polepole bila kuuliza lolote.

Hii! Mfereji ni *huu*! Lakini turudi mkutanoni, kwa maana mlezi alikuwa hajachaguliwa.

Ogola amependekezwa, akakataa. Amesema mguu unamsumbua na safari za maonyesho ya shule ni nyingi. Halafu, sijui amekula nini, akanipendekeza mimi. Moyo ukaruka. Hapakuwa na mwingine. Sitati alikuwa tayari anaandika jina langu, herufi ya H nimeiona kwa macho yangu, ndipo yule bibi aliyemjua Yasin tangu Njoro akainuka. Amesema mtaa huu una mtu mmoja tu aliyetukanwa hadharani wiki nzima na asijibu hata neno moja. Mlezi wa vijana awe mtu kama huyo. Anampendekeza Bwana Yasin Ywewe.

Makofi! Wengine walipiga wakicheka, wengine wakipiga kwa dhati kabisa. Siwezi kuapa ni wangapi wa upande upi. Sitati alihesabu mikono akiwa amejifunika uso kwa leso, na mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Nimeshindwa uchaguzi na kitenzi. Changu mwenyewe.

Jumapili, 22 Februari

Baada ya ibada Kui amenisemesha. Ameniuliza kama nitataka mandazi. Nimesema *maandazi*. Amesema karibu, Guka, akacheka, na mkono ulikuwa umeshika sinia kwa hiyo hakuufunika mdomo. Nimeangalia pembeni kidogo, kisha nikaangalia tena.

Sitati alipita mchana. Ana taabu. Mwezi ujao wanafunzi wanapeleka mradi kwenye maonyesho ya shule za kaunti, na mlezi anatakiwa asimame nao mezani. Mlezi haonekani. Kamati imeamua kutafuta wa kumwakilisha.

Nimemwambia asitafute mbali. Hakuna mtu Nakuru nzima anayemfahamu Yasinywewe kama mimi. Namjua tangu mzizi wake. Nilikuwepo akipata kiambishi.

Sitati akakohoa, akasema kuna mwombaji mwingine. Ogola. Mguu umepona ghafla. Na Ogola ameiambia kamati kwamba Yasin alimpigia simu jana jioni, wakazungumza vizuri, na kwamba Kiswahili cha Yasin ni kama chake tu: "Hii maji, hii mtoto, hii mtu."

Uongo! Yasinywewe hawezi kamwe kusema *hii mtu*! Kila herufi ndani yake ni upatanisho! Nimekaa nikamwandikia Sitati barua ya kurasa nne kuthibitisha hilo, kwa mifano, na Mama Mwaura amekubali kuipeleka mradi tu nisimsomee.

Kamati inakaa Jumatano. Ikishaamua, nitaandika.

Yale mabango mapya, hata hivyo, hayana haja ya kungoja kamati. HII YA MTOTO. Ni aibu. Rangi nyekundu imebaki nusu mkebe, na Eucabeth hafungui kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Ni herufi chache tu.